Una chakula nyumbani: uchukue kilichobaki?

Duka linakaribia kufungwa na rafu ya vyakula vinavyoisha muda kesho bado ina vitu. Au semina imekwisha, wageni wameondoka, na nusu ya masinia hayajafunuliwa. Mwenye mali anasema anayetaka achukue. Mmoja wa waliopo ana chakula cha kutosha kwake, na hela ya kununua kingine anayo. Achukue au aache?

Wapo wanaolijibu swali hili kwa hasira. Kwao cha bure ni cha mwenye njaa, na mwenye uwezo akikigusa amempokonya mnyonge tonge mdomoni. Wengine wanashangaa kwamba swali lenyewe linaulizwa: chakula kinakwenda jalalani, sasa kumzuia mtu asile kunamsaidia nani? Hoja zote mbili nimezisikia kwa watu ninaowaheshimu, na naamini kinachowagombanisha ni kwamba kila mmoja ana chakula chake akilini. Huyu anawaza mfuko uliotengwa kwa ajili ya familia isiyo na kitu. Yule anawaza sinia litakalomwagwa nusu saa ijayo.

Nianze na hilo la kumwagwa, maana ukubwa wake unatisha. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Hiyo ni karibu moja ya tano ya chakula chote kilichowafikia walaji madukani, mahotelini na majumbani, katika mwaka ambao mamia ya mamilioni ya watu walikuwa na njaa. Chakula hicho kikifukiwa dampo huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia kwa nguvu kuliko hewa ukaa. Kwa hiyo kama kweli hakuna mwingine anayekingoja, anayekila ameokoa kitu, awe tajiri awe fukara. Kukiacha kwa sababu ya kuona haya hakumshibishi mtu yeyote.

Ila ripoti hiyohiyo ina takwimu ambayo watetezi wa kuchukua huwa hawaigusi: asilimia 60 ya upotevu huo ulitokea majumbani. Mtu mwenye friji iliyojaa akibeba mifuko minne ya mboga zilizoanza kulegea, mara nyingi hajaokoa chochote. Ametoa uozo dukani akaupeleka jikoni kwake, na wiki ijayo atautupa mwenyewe huku akijiona amefanya jema. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, aliweka masharti mawili kwa anayejitwalia kitu kilichokuwa cha wote. La kwanza, asichukue zaidi ya kile atakachoweza kukitumia kabla hakijaharibika. La pili, awaachie wengine cha kutosha, tena kizuri vilevile.

Hilo la pili ndilo linaloniumiza ninapotazama ugawaji ulivyo hasa. Tangazo likitoka kwenye simu, wanaowahi ni wenye simu nzuri, wenye usafiri, na wenye saa za kazi zinazoruhusu kutoka. Wanafungua maboksi wanachagua: mikate iliyookwa leo inakwenda, matunda magumu yanakwenda, maziwa yenye tarehe ya mbele yanavutwa kutoka nyuma ya friji. Anayetoka zamu saa mbili usiku akiwa na watoto wa kulisha anakuta vipande vilivyokatika na majani yaliyonyauka. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alichukua alichoruhusiwa. Bado aliyehitaji zaidi ndiye aliyepata kibaya, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa, kwa hiyo aliyewahi hata hakufikiri kwamba kuna anayekuja nyuma yake.

Mapokeo ya dini hayako upande mmoja katika jambo hili. Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni au kurudi kuokota masazo. Ayaache kwa ajili ya maskini na mgeni. Hapo masazo yana mwenyewe, ametajwa, na mwenye ghala lake akienda kuyaokota amekosea wazi. Masingasinga nao, katika mahekalu yao popote duniani, huendesha jiko la langar ambako yeyote anakaa chini na kula bila kuulizwa dini, kabila wala kipato. Pale mwenye uwezo kuketi na kula ni sehemu ya maana ya jiko lenyewe, kwa sababu wakila maskini peke yao, mkeka ule unakuwa alama ya umaskini.

Kwa hiyo la kwanza la kuangalia ni aliyetoa alikitoa kwa ajili ya nani. Benki za chakula za kisasa zilianzia Phoenix, Arizona, mwaka 1967, wakati John van Hengel alipoanza kukusanya chakula ambacho maduka yangekitupa ili kiwafikie wenye shida. Anayechangia benki ya namna hiyo anajua anamchangia nani. Asiye na shida akijipanga kwenye foleni ile anasema uongo kwa miguu yake, hata kama hakuulizwa swali, na hapo sina huruma naye. Lakini mtandao wa foodsharing ulioanza Ujerumani mwaka 2012 umejengwa kwa nia tofauti: kuzuia kutupa. Friji na rafu zake za pamoja ni za kila mtu, na hakuna anayepimwa umaskini wake. Jambo ninaloliheshimu kwao ni kwamba benki za chakula za nchini humo zinapewa nafasi ya kwanza dukani, na wao wanabeba kilichobaki baada ya hapo. Mwenye uwezo anaingia, lakini anaingia zamu yake ikifika.

Kuna wanaodai kwamba suluhisho ni kumtaka kila anayechukua athibitishe shida yake. Siafiki. Shida haionekani usoni. Aliyevaa shati lililopigwa pasi anaweza kuwa hajalipwa mshahara kwa miezi, na hataomba barua ya kuthibitisha njaa yake, atalala nayo. Majirani wa kawaida wanapochukua mkate mmoja mmoja kwenye rafu ileile, mtu huyu naye anapata ujasiri wa kunyoosha mkono. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa kuchukua, na ni kwa ajili yake sitaki kumwambia mwenye uwezo akae mbali kabisa.

Hoja ya kwamba wachukuaji wanawapa maduka kisingizio cha kuendelea kuagiza kupita kiasi naipitia haraka. Ni ya kweli kwa sehemu, ila tiba yake iko kwenye sheria. Ufaransa tangu mwaka 2016 inayakataza maduka makubwa kuharibu kwa makusudi chakula kinachofaa kuliwa, na yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 400 yanatakiwa kuwa na mkataba na mashirika ya hisani. Mtu mmoja mbele ya rafu hawezi kubeba mzigo huo.

Anachoweza ni kufika dakika za mwisho badala ya za mwanzo, kuchukua kitakacholiwa kwake kesho, na kuacha kile kizuri ambacho bado kinaweza kumfikia mwingine. Anayechukua hivyo mara mojamoja simlaumu. Mashaka yangu yanaanza pale anapoacha kununua kwa sababu ya kilichobaki, anapokipangia bajeti, akanung'unika siku rafu ikiwa tupu. Mtu huyo sasa anakitegemea, ingawa kukitegemea hakukuwa lazima kwake, na siku chakula kitakapopungua atagombea nafasi na mtu asiye na pengine pa kwenda.