Matplotlib ni ya bure, sasa mzigo wa maelezo na sapoti abebe nani?

Kuna mvutano hauishi kwenye laibrari (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) za chanzo huria za kuchora grafu za kisayansi. Watumiaji wanalalamika kwamba maelezo ya matumizi hayaeleweki na ukiuliza unajibiwa kwa mkato tu, kasome kwanza, na wanaozitunza nao wanasema jamani sisi wengi wetu tunajitolea, hilo swali limeshajibiwa mara kibao. Nachukua Matplotlib ya lugha ya programu ya Python kama mfano kwa sababu inatumika sana na kwa kweli pande zote mbili zina hoja.

Nianze na watumiaji maana wanaonekana wavivu na mi naona wanaonewa. Matplotlib ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa mambo ya ubongo aliyekuwa anahitaji kuangalia data za umeme wa ubongo za wagonjwa wa kifafa, ikatoka 2003 na akaiga makusudi namna MATLAB, programu ya mahesabu ya kisayansi, inavyochora ili wanasayansi wenzake wahamie bila tabu. Kwa wakati ule ilikuwa akili sana, ila ndo imetuachia njia mbili za kufanya kitu kilekile, kuna plt.title na kuna ax.set_title za kuweka kichwa cha grafu, kuna plt.xlim na kuna ax.set_xlim za kuweka mipaka ya mhimili wa x, na anayeanza anachukua kipande huku na kipande kule na mambo yanaenda vizuri tu mpaka siku anataka grafu nne kwenye picha moja, anaziunda zote kwa plt.subplots halafu anaandika plt.title na kichwa kinaenda kukaa kwenye grafu ya mwisho peke yake. Huyo mtu kasoma! Tatizo kasoma mifano ya njia mbili tofauti na hakuna aliyemwambia mapema kwamba plt inashughulika na ile grafu inayohesabika ndo ya sasa hivi, wakati ax ni grafu unayoitaja mwenyewe. Halafu ukifungua ukurasa wa plot, fanksheni ya kuchora mistari, unakuta kuna kwargs, yaani vigezo vya hiari vinavyotajwa kwa jina, na mambo kibao unayoyatafuta, mfano unene wa mstari, kiasili ni ya Line2D, kile kitu cha ndani kinachowakilisha mstari, jina ambalo mgeni hajawahi kulisikia.

Upande wa pili sasa. Mtu anaandika "grafu haitokei", basi, hasemi anatumia toleo gani, anaendeshea wapi, msimbo wenyewe hauweki au anaweka picha ya skrini ambayo huwezi hata kuikopi. Inaweza kuwa kasahau plt.show, amri ya kuonyesha grafu, inaweza kuwa anatumia Agg, injini ya kuchorea ambayo kazi yake ni kutengeneza faili na haifungui dirisha kabisa, inaweza kuwa kitu kingine, na anayejaribu kusaidia inabidi aanze kumhoji wakati huo huo ana hitilafu za kweli zinamsubiri. Ukimwomba mtu mfano mfupi unaoonyesha tatizo humnyanyasi, bila huo mfano hakuna wa kumsaidia. Na maelezo nayo yamepigiwa kazi, ile galari ya mifano inaendeshwa yote kila kurasa zinapojengwa upya kwa hiyo mfano ukivunjika unajulikana, na chini ya kurasa za fanksheni nyingi kuna mifano inayoitumia hiyo fanksheni.

Kinachonisumbua zaidi ni majibu ya zamani. Toleo la 2.0 la 2017 lilibadilisha muonekano wa kawaida, mpangilio wa rangi wa kawaida ukaacha kuwa jet, zikaja rangi za viridis ambazo zinaongezeka mwanga kwa mpangilio na hata asiyetofautisha nyekundu na kijani anazisoma, ila majibu ya kabla ya hapo bado yako mtandaoni na watu wanayafuata kama yalivyo. Watunzaji hawawezi kuyafuta na mgeni hawezi kujua yamechakaa, hapo simlaumu yeyote.

Wapo wanaosema dawa ni hela, na mfano upo, VTK, laibrari nyingine ya picha za kisayansi, ni ya bure pia lakini Kitware, kampuni iliyoanzishwa 1998, inauza sapoti na mafunzo kwa wanaohitaji. Kwa maabara yenye bajeti sawa kabisa, ila mwanafunzi anayepambana na tasnifu yake usiku hilo halimsaidii. Mi naegemea zaidi kwenye ruzuku, Matplotlib yenyewe ilipata ya Chan Zuckerberg Initiative, shirika la ufadhili, 2019, kwa sababu mtu analipwa kutunza kitu ambacho kila mtu anakitumia, na hela ya namna hiyo ningependa sehemu yake itengwe waziwazi kwa ajili ya kuandika maelezo. Kazi ya maelezo huwa inaachiwa atakayepata nafasi, na mwenye nafasi mara nyingi ni mtaalamu ambaye kashasahau kilichomchanganya mwanzoni, wakati mgeni aliyehangaika na plt.title wiki iliyopita bado anakumbuka ni sentensi gani ilikosekana. Huyo ndo wa kuombwa arekebishe ule ukurasa, na ombi lake la marekebisho likifika lipitiwe haraka, lisikae miezi.