Kamera ya mtafiti: kuishika si kuachiwa

Mtafiti akitua uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, na kamera ya joto ya kutazamia kasa usiku, kisha akamkataza msaidizi wake wa Kizingitini hata kuigusa, msaidizi ataona amedharauliwa. Mtafiti naye atajitetea kwamba ni chuo kilichomfunga mikono, kwa sababu kuna udhibiti wa vifaa vinavyotoka nje ya nchi. Lawama zote zinaishia kwenye sheria, na sheria yenyewe haikusema hivyo.

Kwa anayetoka Marekani, kanuni za bidhaa zenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi, zina msamaha wa muda kwa zana za kazi. Si kila kifaa kinaingia humo, lakini vingi vinaingia. Unatoka nazo bila leseni, unarudi nazo ndani ya mwaka 1, na muda wote huo ziko chini ya ulinzi wako: mkononi mwako, kwenye sefu ya hoteli, kwenye ghala la forodha, au mahali pa maonyesho palipofungwa au penye mlinzi. Msaidizi kuilenga kamera ufuoni huku mtafiti amesimama ubavuni pake si kosa. Kosa ni mtafiti kupanda ndege kwenda Nairobi siku tatu na kuiacha chumbani kwa mwenyeji wake Shela, kwa nia njema kabisa, ili kazi isilale. Hapo msamaha umekatika, hata kamera ikirudi bila mkwaruzo.

Kwa hiyo marufuku ya kugusa ni woga wa mtafiti ambaye hakuuliza mapema. Afisa wa chuo anayemsumbua kwa maswali kabla ya safari ndiye angemwondolea aibu hiyo.

Penye kuteleza zaidi ni pawili. Kwanza, kipakatalishi cha chuo hakihesabiwi kuwa mzigo binafsi. Msamaha wa mizigo binafsi ni wa mali ya msafiri mwenyewe. Pili, hoja ya “utafiti wetu utachapishwa” inalinda matokeo ya utafiti, hailindi kifaa, wala data ambayo mfadhili amezuia isitolewe. Profesa John Reece Roth wa Chuo Kikuu cha Tennessee alikwenda China mwaka 2006 na nyaraka za mradi wa Jeshi la Anga la Marekani kuhusu droni. Mwaka 2008 alitiwa hatiani, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 4 jela. Kesi hiyo hutajwa kama kitisho, ila Roth alikuwa ameonywa na watu wa chuo chake kabla ya kuondoka.

Sasa namba 9. Kamera za joto zisizo na mtambo wa kupoza, zikipiga picha zisizozidi 9 kwa sekunde, hutolewa kwenye kundi lenye udhibiti mkali. Ndugu yake yenye umbo lile lile na lenzi ile ile, inayopiga picha 30, huhitaji leseni kuja Kenya. Wengi huiona namba hiyo kama mchezo wa makarani. Lakini itazame pikipiki inayokimbia kwa kamera ya picha 9: inarukaruka, huwezi kuifuata vizuri, sembuse kuilenga. Kasa anayepanda mchangani kutaga hana haraka hiyo; picha 9 zinamtosha na kubaki. Yaani mpaka umewekwa pale ambapo mtafiti wa viumbe hapungukiwi kitu na mlengaji anapungukiwa. Inapoharibika ni pale mtu anaponunua ya picha 30 kwa kuwa tofauti ya bei ni ndogo, bila kuhesabu wiki au miezi ya kungoja leseni huku msimu wa kutaga unapita.

Droni ina ugumu zaidi. Iliyoundwa kuruka mbali na macho ya rubani huingia kwenye orodha ya vifaa vinavyodhibitiwa ikikaa angani saa 1 au zaidi, au dakika 30 na kuendelea ikiwa inahimili upepo wa kilomita 46.3 kwa saa. Anayepima mikoko wakati wa kusi anaitaka hiyo hiyo. Hapa nakubali kwamba sheria inaumiza.

Na hapa ni Lamu. Januari 5, 2020 Al-Shabaab walishambulia kambi ya kijeshi ya Manda Bay na kuua Wamarekani watatu. Swali la kamera ya usiku italala wapi lina maana kaunti hii kuliko miji mingi. Tena kwa wanaofika Kiunga, mashua ikifika Ras Kamboni imekwisha kuingia Somalia, nchi nyingine yenye masharti yake.

Upande wa pili una hoja nzito: msaidizi asiyeachiwa kifaa habobei, na ujuzi unapanda ndege na mgeni. Ni kweli. Hata hivyo sisi wenyewe, kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, hatumruhusu mgeni kuondoka na vigae vya kale vya Shanga, magofu ya kisiwa cha Pate, bila kibali, na hatuoni kwamba tumemdharau.

Dawa ya ujuzi ipo kwenye ombi la ufadhili. Andika modeli kamili ya kila kifaa, si “kamera” tu. Mwombe mtengenezaji namba ya uainishaji, inayoonyesha kifaa kiko kundi gani la udhibiti. Taja taasisi ya Kenya itakayobaki na kifaa, na ikiwa leseni inahitajika, iombwe ikiitaja taasisi hiyo kuwa mpokeaji, kabla tiketi haijakatwa. Ikipatikana, kifaa kinabaki Lamu kihalali kwa masharti yake. Anayetoka Italia kwenda kituo cha anga cha Luigi Broglio, Ngomeni, afuate Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2021/821, ambayo huhesabu hata mchoro wa kiufundi wa kifaa kinachodhibitiwa, ukitumwa nje kwa barua pepe, kuwa bidhaa iliyotoka nje. Karatasi za upande wa Marekani zitunzwe miaka 5, pamoja na tarehe kifaa kilipotoka na kilipolala.