Baiskeli Malindi si ya maskini, barabara ndo maskini

Watu wa nyumbani wamezicheka sana picha zangu za baiskeli za kiangazi hiki, "ami, hela ya gari imekosekana huko Ulaya?", na mi nawaelewa manake kwetu Malindi mtu akipita na baiskeli unaangalia kwanza amebeba nini. Madafu, makaa, mitungi ya maji, mikate ya kusambaza madukani asubuhi. Sasa mtu mzima avae kaptura ya kubana, aendeshe kilomita mia halafu arudi mikono mitupu, huyo ama ana wazimu ama anakimbia deni.

Nakaa Utrecht, Uholanzi, na Juni mpaka Agosti wikendi zangu zilikua za barabarani na marafiki, Msuriname mmoja, Mmoroko mmoja na Waholanzi wa kazini. Huku hata ramani huhitaji. Makutano ya njia za baiskeli yana vibao vya namba, we unaandika namba zako kwa karatasi, unaibandika na selotepu pale usukanini, unafuata moja baada ya nyengine mpaka unaiona bahari. Mtindo huo walianza Wabelgiji kule Limburg 1995, hawa wakauchukua nchi nzima. Nchi yenyewe bapa kama chano, Vaalserberg wanaouita mlima ni mita 322 tu, ila upepo wao jamani! Mmoja anakaa mbele anaukata, wengine nyuma yake tairi kwa tairi, akichoka mnabadilishana. Na asubuhi mnatoka mkiukabili kusudi, nguvu zikiwa bado zipo, ili jioni uwarudishe wenyewe. Hiyo ni akili ya nahodha, nawapa heshima.

Ushirika ndo hawana. Tumekunywa kahawa kijijini, keki ya tufaha juu, tunacheka vizuri, kufika nyumbani simu inalia: rafiki ananiomba nimlipe kahawa yangu, yuro 3 na senti 20. Walahi nilidhani mzaha. Kwetu mkisimama Matsangoni mmoja anachukua viazi karai mwengine madafu, nani anahesabu? Na kutoka Gede mpaka Msabaha mkono haushuki kwa salamu, huku unavuka vijiji kumi hakuna anayekuinulia hata kidevu.

Lakini barabara, hapo sina cha kujitetea. Mwaka jana Agosti nikiwa likizo tuliendesha na binamu zangu kutoka Mombasa hadi Malindi, kilomita 120 hivi, upepo wa kusi ukitusukuma mgongoni, mashamba ya mkonge ya Vipingo, daraja la Kilifi na lile bonde la maji chini yake, uzuri ambao Uholanzi yote haina. Baada ya Tezo tukamkuta mzee na baiskeli yake, magunia ya madafu yamefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu mpaka siti haionekani, mkono mmoja usukani mwengine umeshika gunia. Lori likipiga honi nyuma anashuka lami, hata hageuki kuangalia. Ukingo wa lami pale umelika, mshuko wake shubiri nzima, kwa hivo akitaka kurudi juu anaweka bega kwa gunia anasukuma, tairi ya nyuma inagoma, anasukuma tena, inapanda, hajaenda mbali honi nyengine. Nikashuka nimsaidie, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia, "Mwanangu, hawa hawana breki, breki ni mimi."

Ndo maana nachoka nikisikia ati wazungu wamezaliwa na baiskeli. Si kweli. Uholanzi mwaka 1971 pekee walikufa barabarani watu zaidi ya 3,000, na katika hao watoto walizidi 400, wazazi wakaingia mitaani kupiga kelele "acheni kuua watoto", 1973 mafuta yakaadimika serikali ikapiga marufuku magari Jumapili, na hizi njia wakaanza kuzidai na kuzijenga taratibu. Sheria ya barabara ya 1994 nayo inambana mwenye gari, akimgonga wa baiskeli fidia mara nyingi ni juu yake. Yani walisumbua watu mpaka wakapewa.

Na mtu asiniambie Mkenya na baiskeli wapi na wapi. Chris Froome aliyeshinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara nne kazaliwa Nairobi 1985, na aliyemlea kwenye huu mchezo ni David Kinjah pale Kikuyu, ijapo ushindi ulienda na bendera ya Uingereza. Malindi pia tunaendesha tangu zamani, tena kwa mzigo. Najua mtasema kuna shida kubwa zaidi, maji, hospitali, sawa, lakini huyo wa mitungi anayaletaje hayo maji? Mimi siombi njia nyekundu yenye vibao vya namba kama za Uholanzi. Naomba kila wanapoitengeneza hii barabara ya Mombasa-Malindi waache mita moja na nusu ya lami pembeni, iliyo sawa na barabara, na matuta pale vijijini, basi. Wa kuwashika shati ni wale watakaokuja kuomba kura.

Agosti nakuja tena inshallah. Tunatoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri kabla malori hayajachangamka, anayetaka karibu, hata baiskeli ya gia moja inatosha. Tyubu ya akiba, pampu na solusheni kila mtu abebe zake, mafundi mtawapata Mtwapa na Kilifi, katikati hapo pancha utaziba mwenyewe.