Vito vya akriliki havina kosa, kosa ni gundi yetu

Hapa Mwanza vito vya akriliki, yaani plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, vinadharauliwa, na dharau hiyo siikubali. Mteja anavutiwa na hereni, anaigonga kwa ukucha, akisikia mlio wa plastiki anairudisha mezani: "Hii feki." Feki ya nini? Akriliki ina sifa zake yenyewe. Otto Röhm wa Ujerumani aliisajili kwa jina la Plexiglas mwaka 1933, na katika Vita Kuu ya Pili ikatumika kwenye vioo vya ndege za kivita.

Wasiwasi wa mteja naulewa. Mtu anayeishi jirani na almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita lazima aulize kama jiwe ni la kweli. Ajibiwe wazi kwamba ni akriliki. Muuzaji anayeiita kristali ili apandishe bei anatuharibia soko sote tunaoishi kwa kazi hii.

Chukua hereni za sendofu, zile ndefu zinazokaribia bega. Zikiwa za kioo, keki haijakatwa na tundu la sikio limeshaanza kuuma. Akriliki ya ukubwa uleule haifikii hata nusu ya uzito wa kioo. Gauni la kitambaa chepesi nalo ukilijaza vioo kifuani, shingo yote inavutwa chini.

"Lakini vito vyenyewe vinabanduka!" Ndiyo, na vingi vinabanduka kwa sababu ya supa gluu. Kitazame kwa karibu kito kilichobandikwa nayo: pembezoni kuna ukungu mweupe. Huo ni mvuke wa gundi ulioganda juu yake. Tena gundi hiyo ikikauka inakakamaa, kitambaa kikijikunja inakatika, na kito kinaanguka na ganda la gundi mgongoni. Nunua gundi ya vito inayobaki na mnyumbuko hata ikikauka. Weka tone dogo lisilofurika, kisha iache kazi yako itulie usiku na mchana. Kama unabandika kwenye chuma, kikwaruze kwanza kwa msasa laini.

Gundi ikichafua uso wa kito, usikimbilie asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Akriliki inapata nyufa na kufifia, na hakuna namna ya kuirudisha. Uchafu wa kawaida unatoka kwa sabuni na maji ya uvuguvugu.

Nguo ya kufuliwa mara kwa mara mimi sibandiki kabisa. Natafuta vito vyenye matundu na kuvishona kwa sindano. Pasi nayo ikae mbali, maana akriliki huanza kulainika kwenye nyuzi joto 100 hivi, na pasi ya kitambaa cha pamba inapita hapo kwa mbali. Mwambie mwenye gauni siku anapolichukua, kabla hajalifikisha nyumbani.