Uso kuchomeka baada ya sindano ya peptidi haukuambii presha imeenda wapi

Kwa majimu ya hapa Nakuru kuna ubishi hauishi kuhusu hizi sindano za peptidi watu wanaagiza onlaini, yaani dawa zinaiga homoni za mwili. Mtu anajidunga, baada ya dakika chache uso na shingo vinachomeka. Wengine wanasema hiyo ni dawa imeshika, kaa tu itaisha. Wengine wanasema apana, mishipa imefunguka, presha inashuka, utazimia.

Wote wana kaukweli. Huo moto ni mishipa midogo ya ngozi imepanuka ikajaa damu. CRH, homoni madaktari wanadunga wakipima kama tezi zinafanya kazi, inaweza kuleta hiyo moto hata kwa dozi ya kawaida ya mikrogramu 1 kwa kilo na mara nyingi inapita yenyewe, lakini peleka hadi 3 na juu, moto unakaa, moyo unakimbia, presha inaanguka. Oksitosini ya wodi ya kujifungua nayo ukiisukuma haraka kwa mshipa, presha inaenda chini.

Sasa shida ya pande zote mbili ni bremelanotide, peptidi nyingine ya kujidunga. Ilipitishwa Marekani 2019 kwa wanawake ambao hamu ya tendo imepotea, na karibu mmoja kati ya watano anachomeka uso, lakini hiyo presha haishuki, INAPANDA, ile namba ya juu inaongezeka kama 6 hivi, na inaweza kuchukua hadi masaa 12 kurudi. Uso ni ule ule, presha inaenda pande tofauti kabisa. Kwa hivyo mimi yule anasoma uso peke yake siwezi mwamini, awe anatuliza watu ama anawatisha. Na kwa ngozi zetu huo wekundu hata hauonekani vizuri, mtu anaweza kuwa anachomeka na wewe umekaa naye huoni kitu. Halafu hiyo hiyo bremelanotide inaweza kufanya uso na ufizi viwe vyeusi zaidi, hasa kwa wenye ngozi nyeusi. Hiyo wauzaji hawasemi.

Kuna wale wanauliza kwa nini mambo ya mishipa yapimwe kwa tumbili. Mimi hapo niko na wanasayansi, nusu. Olcegepant, dawa ya majaribio ya kipandauso inayozuia peptidi ya CGRP isipanue mishipa, inashika kipokezi cha binadamu na tumbili zaidi ya mara mia kuliko cha panya, so panya angewadanganya vibaya. Wakawa wanapaka tumbili wa rhesus kapsaisini, ile kitu inafanya pilipili iwashe, kwa ngozi ya mkono ili CGRP itoke na mishipa ipanuke, wanapima damu ya hapo na leza, halafu wanarudia kwa watu. Safi. Lakini huyo tumbili amelazwa na dawa ya usingizi, ambayo yenyewe inachezea presha, na hawezi kukuambia anaskia moto ama kizunguzungu. Tena yeye alipimwa uzito, dozi ikapigiwa hesabu, dawa inajulikana ni gani. Jamaa wa jimu anahesabu vistari vya sindano ya insulini, na kwa kichupa hajui kuna nini.