Fidia ya Mwaka 1897 Ililipwa kwa Nani?

Watetezi wa ukoloni wa Mwingereza wana hoja moja isiyofaa kupuuzwa, nayo ni kwamba ndiye aliyekomesha biashara ya watumwa Zanzibar. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa baada ya kutishiwa kwamba manowari zingeziba bandari yake, na sioni dalili kwamba bila shinikizo hilo wenye mashamba ya karafuu wangeiacha kwa hiari biashara iliyowatajirisha. Anayesema yote yalikuwa ghiliba tupu awakumbuke waliopakiwa majahazini kutoka Kilwa.

Hata hivyo, hoja hiyo huishia kwenye soko la Mkunazini, ilhali utumwa wenyewe uliendelea mashambani. Uingereza iliitwaa Zanzibar kuwa nchi lindwa mwaka 1890, lakini ilingoja hadi Aprili 1897 ndipo Sultani Hamoud, aliyekalishwa kitini kwa mizinga ya Mwingereza miezi michache kabla, akatoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria. Amri ile yafaa isomwe polepole. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na akishaupata awe na makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Makazi gani, kwa mtu ambaye kibanda chake kilisimama katika shamba la bwana? Masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Bwana alilipwa fidia. Aliyepalilia na kuchuma karafuu hakupewa hata rupia moja.

Huo ulikuwa mtindo wa dola nzima. Bunge la London lilipofuta utumwa katika makoloni mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kwa wamiliki, na deni la malipo hayo likamalizika mwaka 2015, maana yake wazao wa watumwa wa Karibi waliohamia Uingereza walilichangia kwa kodi zao. Kila nikiirudia tarakimu hiyo nauona uchungu wake: serikali iliyoweza kukadiria bei ya binadamu hadi senti haikujaribu kukadiria ujira aliodhulumiwa.

Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907, na mwaka uliofuata sheria ya hati za ardhi ikawaandikisha waliotambuliwa kuwa wamiliki, huku waliokuwa watumwa na Wamijikenda wengi wakibaki bila hati juu ya udongo walioulima. Wanaoitwa maskwota Kilifi na Malindi hadi leo wanagombea ardhi ambayo hati zake nyingi zina chimbuko katika sheria ile.