Siki Umeshatia, Bado Chumvi

Watu hufuga samaki wa mapambo watulize akili. Mimi nilifuga tetra 12, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni, na tangu siku hiyo akili yangu haijatulia.

Chanzo ni urembo. Tangi la lita 60 niliona limepwaya, nikakumbuka makombe ya baharini yaliyokuwa yamelala kabatini. Nikayachemsha, nikayasugua kwa brashi, nikayapanga mchangani kwa mbwembwe zote. Mgeni akija, namwonyesha makombe kwanza. Samaki baadaye, muda ukiruhusu.

Wiki mbili zikapita, nikapima maji. Matone kwenye kichupa, tikisa, linganisha na kadi. Mwanzoni yalikuwa kijani, yaani pH 7 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi imepungua). Sasa buluu ya wino: 7.6, na kadi yenyewe inaishia hapo, kwa hiyo huenda hali ilikuwa mbaya zaidi. Tetra asili yao ni maji laini yenye asidi kidogo. Nikajiteua tabibu.

Tabibu akashika chupa ya siki. Kijiko kimoja, nusu saa, kijani! Nikalala usingizi wa mshindi. Asubuhi, buluu. Nikatia vijiko viwili. Jioni njano, asubuhi kijani, adhuhuri buluu tena. Na pH si ngazi ya kawaida: namba moja ikipanda au kushuka, asidi imebadilika mara 10. Wale viumbe nilikuwa nawarusha juu na chini kila siku, huku najiita mfugaji. Wangeachwa kwenye 7.6 iliyotulia wangeishi vizuri tu kuliko katika lile bembea langu.

Mke wangu akapita sebuleni, akanusa, akasimama.

"Baba watoto, siki umeshatia. Bado chumvi na ndimu."

Sikumjibu. Tabibu hajibizani na watu wakati wa upasuaji.

Siku ya nne maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Kumbe siki kwa bakteria ni karamu: walizaliana, wakaimaliza oksijeni, na tetra wangu wakajipanga juu ya maji midomo wazi, wanatweta kama wanaonisema. Nikachota robo ya maji na kuweka mengine, nikafungulia pampu ya hewa hadi mwisho.

Usiku ule kombe moja kubwa lilikuwa kando ya sinki, nimelitoa nilisugue mwani. Nikapitisha kijiko cha siki juu yake, tone likadondoka.

Tsssss.

Kombe likatoa povu. Nikadhani masikio yananidanganya. Nikainama, nikadondosha lingine. Tsssss, viputo vidogo vikakimbizana kwenye mikunjo yake kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nikabaki nimeinama pale, kijiko mkononi, aibu ikinipanda taratibu kutoka magotini.

Kombe ni chokaa. Linayeyuka majini kidogo kidogo, pH inapanda. Ukitia siki, inashuka kwa muda, kisha chokaa inaendelea na kazi yake kana kwamba hukusema kitu. Siku zote nne nilikuwa namsaka mchawi, kumbe nimemwogesha na kumpangia kiti mwenyewe.

Makombe yakatoka yote usiku uleule. Safari hii sikukurupuka: robo ya maji kila baada ya siku mbili, maji mapya nimeyaacha kwenye ndoo siku nzima kwanza, siki marufuku. Kijani kikarudi taratibu. Tetra 10 walipona, wawili hawakunisamehe.

Makombe yakahamia dirishani, na huko yanapendeza kweli. Juzi rafiki yangu kayashika, kayageuza, macho yanamng'aa: "Shemeji, haya mbona hamyatii kwenye tangi la samaki?"

Mke wangu hakusema neno. Aliinuka, akaingia jikoni, nikasikia chupa ya siki ikifungiwa kabatini kwa ufunguo.